Muulize Mwalimu: Daftari, Debe na Karatasi ya Mlangoni

Barua za mwezi huu karibu zote ni za uchaguzi. Agosti 10, 2027 haiko mbali, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilirudi kuandikisha wapigakura Septemba 2025 baada ya nchi kukaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna. Nafurahi kwamba mnauliza mapema, maana maswali haya kwa kawaida hunifikia wiki ya mwisho, wakati jibu halimsaidii tena mtu. Nimewahi kuwa karani wa kura, kisha msimamizi wa kituo, na tangu nistaafu ualimu ni mwangalizi wa uchaguzi huku Pwani. Nitajibu kwa niliyoyaona ndani ya madarasa yale tunayoyageuza vituo.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, ninaishi Shimoni. Baba na babu ni wavuvi, sisi ni Wapemba. Nimepata kitambulisho, lakini shangazi ananikataza nisiende kujiandikisha kupiga kura. Anasema nitaulizwa tena babu alitoka wapi, na huenda nikanyang'anywa kitambulisho chenyewe. Ni kweli? — Binti wa Shimoni

Marahaba mwanangu. Si kweli, na umwambie shangazi yako kwa upole, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani.

Watu wa rika lake wamekaa maisha yao yote kwenye ufuo huu bila karatasi. Kila wakisikia gari la polisi, mioyo iliwaruka. Mtoto alimaliza shule, akakwama hapo hapo: hana kitambulisho, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, na siku ya uchaguzi anakaa kivulini kuwatazama majirani wakipanga foleni. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Kwa hiyo uchaguzi mkuu wa 2027 ndio wa kwanza ambao vijana kama wewe mtaingia kituoni mkiwa Wakenya wanaotambulika. Kabla yenu walipita Wamakonde wa hapa hapa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliandamana hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai utambulisho, wakaupata, na mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Agosti ya mwaka huo walipiga kura.

Sasa kazi yenyewe. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ukiwa na kitambulisho halisi, si nakala. Watachukua jina, picha na alama za vidole. Karani wa uandikishaji anatakiwa kujua kwamba wewe ni raia, umetimiza miaka 18, na hujaandikishwa kwingine. Habari za babu hazimhusu. Katiba, Ibara ya 83, inasema taratibu za kuandikisha wapigakura ziwe za kumrahisishia raia kupiga kura, zisiwe za kumnyima. Ukiulizwa swali la asili, jibu kwamba uraia wako ulishaamuliwa na ofisi iliyokupa kitambulisho, kisha omba kuzungumza na afisa wa uandikishaji wa eneo bunge.

Chagua kituo utakachoweza kufika Agosti 2027. Kama unatarajia kuolewa Lunga Lunga au kwenda kufanya kazi Diani, fikiria hilo leo. Na daftari likifunguliwa watu walikague, nenda ukatazame jina lako. Nimeona majina yenye herufi moja iliyokosewa yakiwahangaisha watu mlangoni saa kumi na moja kasoro robo jioni.

Wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera walioniandikia kuhusu kamati zile za kuwahoji vijana wanaoomba vitambulisho: Rais William Ruto aliufuta utaratibu huo Februari 2025 akiwa Wajir. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa la uchaguzi kuliko mkutano wowote wa hadhara, kwa sababu kura ya mtu asiye na kitambulisho inapotea mapema, na hakuna mwangalizi wa kuiandika kwenye ripoti.

Mwalimu, kuna mtu anapita mtaani kwetu akiwaambia kina mama wamwachie vitambulisho, awalipe, atawarudishia baada ya uchaguzi. Wengine wana shida, wanataka kukubali. — Mama wa Kisauni

Mama, huyo hatafuti kura zenu. Anajua hamtampigia mgombea wake, na ameona ni rahisi zaidi kuwazuia msipige kabisa. Kitambulisho chako ni hati ya serikali uliyokabidhiwa wewe. Kukinunua au kukizuilia ili usipige kura ni kosa la jinai, na kwa hongo ya uchaguzi sheria inamshika anayetoa na anayepokea. Nendeni kwa mzee wa mtaa au kituo cha polisi mkiwa wengi, asiende mmoja peke yake akaandamwa. Waliokwisha kumpa wakadai vitambulisho vyao sasa. Wakisubiri wiki ya kura, simu yake itakuwa imezimwa.

Mwalimu, hujambo. Mama yangu haoni. Mwaka 2022 nilimpeleka kituoni, karani mmoja akamshika mkono akasema yeye ndiye atakayemsaidia, mimi ningoje nje. Mama alitoka akilia kwa sababu hajui kura zake sita zilikwenda kwa nani. Alikuwa na haki kufanya hivyo? — Mtoto wake, Likoni

Hakuwa na haki. Nasikitika sana kwa mama, na nakushukuru kwa kuandika, maana wengi hutoka hapo wakanyamaza.

Mpigakura asiyeona, au ambaye mikono haimruhusu kushika kalamu, au asiyejua kusoma, huchagua mwenyewe wa kumsaidia. Msaidizi awe ametimiza miaka 18. Hula kiapo cha kutunza siri, hujaza fomu yake mbele ya msimamizi wa kituo, na humsaidia mtu mmoja tu. Hawezi kuleta nyanya watano kutoka kijiji kizima. Mpigakura akifika peke yake bila mtu anayemwamini, anayemsaidia ni msimamizi wa kituo mwenyewe, mbele ya mawakala wa vyama, ili wote washuhudie kwamba aliyetajwa ndiye aliyewekewa alama. Karani hayumo katika mpango huo.

Safari ijayo, fikeni mapema. Wazee, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele ya foleni, na foleni ikigoma, mwite afisa wa kituo. Mlangoni sema kwa sauti: "Mama yangu amenichagua mimi kumsaidia." Isiwe ombi. Ukikataliwa, taka jina la msimamizi, na mawakala waliomo ndani waambie waandike tukio hilo. Wakala wa chama chochote atafaa, hata cha mgombea msiyempenda.

Kuna jambo ambalo sheria hailiandiki ila mimi nimeona linamsaidia mtu kama mama. Karatasi ni sita na rangi hazimwambii kitu: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ile ya rangi ya maziwa mazito ya mwakilishi wa wadi. Kaeni nyumbani siku moja kabla, mfanye zoezi. Mtajie kiti, akutajie jina. Mkiwa kwenye kibanda, msomee kwa sauti ya chini majina yote yaliyo kwenye karatasi, hata kama ameshakuambia anayemtaka, kisha mwongoze kidole chake mpaka kwenye kisanduku cha alama. Akunje mwenyewe. Atumbukize mwenyewe. Mwanamke mmoja asiyeona aliniambia, siku nikiwa mwangalizi Msambweni, kwamba kusikia karatasi ikianguka ndani ya debe ndiko kulikomhakikishia kwamba amepiga kura.

Na kuhusu kituo chenye ngazi mlangoni, iandikieni ofisi ya eneo bunge sasa hivi, miezi mingi kabla. Ibara ya 82 ya Katiba imetaja mahitaji ya watu wenye ulemavu waziwazi. Kuhamisha debe kutoka darasa la juu hadi la chini hakuhitaji bajeti.

Mwalimu, heshima yako. Nina miaka 24, naendesha bodaboda Changamwe. Juni 2024 nilikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Sasa kila mtu ananiambia nijiandikishe kupiga kura. Ya nini? 2007 tuliona. 2017 mahakama yenyewe ikasema uchaguzi wa rais haukuwa halali. 2022 makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Nionyeshe mahali hata pamoja tu ambapo kura yangu haiwezi kubadilishwa kimyakimya. — Kijana wa Changamwe

Sitabishana nawe juu ya historia, yote uliyotaja yalitokea. Mahali unapopaulizia papo, na ningependa upajue vizuri kuliko wanasiasa wanavyopenda upajue. Ni mlango wa kituo chako, usiku wa kura.

Saa kumi na moja jioni kituo hufungwa, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga. Kisha milango hufungwa na kuhesabu huanzia palepale, kura za rais kwanza. Msimamizi hukunjua kila karatasi, huiinua ionekane, hulitaja jina. Mawakala na waangalizi wanatazama. Ikiwa na alama ya wagombea wawili au haina alama, inakataliwa. Ikiwa alama imewekwa vibaya kidogo lakini nia inaonekana, inahesabiwa. Mwaka 2022 kura za rais zilizokataliwa nchi nzima zilikuwa 113,614, na tofauti ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa kama 233,000, kwa hiyo usidharau kujifunza kuweka alama sawasawa.

Hesabu ikiisha, inaandikwa kwenye Fomu 34A. Mawakala wanatia sahihi. Asiyekubali huandika sababu yake. Kila wakala anapata nakala. Nakala moja inabandikwa mlangoni, hadharani. Fomu hupigwa picha kwa mashine ya kielektroniki ya tume, KIEMS, na kutumwa, halafu ile ya asili hubebwa hadi kituo cha kujumlishia cha eneo bunge.

Sasa tazama tulikotoka. Mwaka 2007 tarakimu za eneo bunge zilipelekwa Nairobi, na mwananchi wa kawaida hakuwa na cha kulinganisha nazo. Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilipochunguza, ilisema uchaguzi ule uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua matokeo ya kweli. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kufa. Sikubali mtu ayataje mauaji hayo kama ajali ya hasira. Watu waliuana katika giza la tarakimu ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha wala kuzikanusha.

Kutoka hapo kila hatua imedaiwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 86, ikataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe kituoni, kwa njia rahisi, sahihi na inayoweza kuthibitishwa. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai, ikasema matokeo ya rais yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, hakuna wa kuyabadilisha Nairobi. Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta uchaguzi wa rais kwa kura nne dhidi ya mbili. Unaikumbuka hukumu ile kama ushahidi kwamba kura haina maana. Mimi ninaisoma tofauti: majaji waliuliza fomu ziko wapi, na tume ikashindwa kuzieleza. Karatasi ya mlangoni ndiyo iliyobeba uzito mahakamani.

Ndipo 2022 IEBC ikaziweka Fomu 34A zote kwenye tovuti, wazi kwa yeyote. Vituo vilikuwa 46,229. Ndani ya siku moja hivi karibu fomu zote zilikuwa zimewekwa, na wanafunzi, magazeti na vyama wakawa wanajumlisha wenyewe. Makamishna wanne walipoyakana matokeo, fomu hazikuondoka. Msajili wa Mahakama ya Juu alipozikagua, haikuonekana tofauti kubwa kati ya za tovuti na za karatasi, na mahakama ikayathibitisha matokeo Septemba 5. Unaweza kuwa hukumpenda mshindi. Lakini kazi ya kukagua haikuwa tena ya watu saba waliojifungia chumbani.

Hayo hayatoshi, na sitakudanganya kwamba yanatosha. Fomu safi haimwokoi aliyefukuzwa foleni, wala haimzuii mwenye pesa. Na mnyororo huu unakatika pale ambapo wakala hayupo. Nimekaa kwenye vituo ambavyo kufikia saa nne usiku mawakala wamekwenda zao, kwa sababu chama kiliwaahidi chai na nauli na hakikuleta chochote, na kura za wadi bado hazijaguswa. Chama kinacholia baadaye kwamba kimeibiwa, mimi hukiuliza kwanza nakala zake za fomu ziko wapi.

Kwa hiyo naomba mambo kwako. Jiandikishe, mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 tu ya daftari, na idadi yao ilikuwa imeshuka kulinganisha na 2017. Kisha usiku wa kura, wewe na wenzako wa stendi, mgawane vituo vya Changamwe. Mmoja kila mlango. Kituo kimoja kisheria hakizidi wapigakura 700, basi tarakimu zake ni ndogo, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Fomu ikibandikwa, ipigeni picha yote, tarakimu na sahihi zionekane. Kesho yake mlinganishe na iliyoko kwenye tovuti. Mkiona tofauti, mpelekeeni wakala, mwangalizi na mwanahabari picha hiyo. Kesi ya rais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku saba tangu matokeo yatangazwe na huamuliwa ndani ya siku 14, kwa hiyo ushahidi wa wiki ya tatu hauna pa kwenda. Picha ya karatasi yako ya kura ndani ya kibanda usipige; siri ya kura inakulinda wewe, na wanaonunua kura ndio wanaoitaka picha hiyo.

Ukitaka kuingia ndani kabisa, omba kazi ya ukarani IEBC inapotangaza nafasi za muda, au uwe mwangalizi. Kundi la waangalizi wa humu nchini, ELOG, huchagua vituo vya sampuli nchi nzima, hukusanya matokeo kutoka kwa watu wake waliokaa humo mchana kutwa, na kupima kama hesabu ya tume inaaminika. Wanahitaji watu wenye mwandiko unaosomeka na subira ya kukesha. Waliokesha barabarani Juni 2024 wanayo subira hiyo.

Shikamoo Mwalimu. Nataka kugombea udiwani wa wadi yangu, Kwale. Chama kinaniambia mwanamke asubiri viti vya kuteuliwa, tena niwe na pesa. — Mfanyabiashara wa samaki, Msambweni

Marahaba. Usisubiri. Viti vya kuteuliwa vipo kwa sababu Katiba inakataa bunge la kaunti kuwa na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, lakini orodha hutengenezwa na chama, na anayekuteua ndiye utakayemwogopa. Kwale kwenyewe Fatuma Achani alichaguliwa gavana mwaka 2022, mmoja wa wanawake saba. Mwaka 2017 walikuwa watatu nchi nzima. Ada ya IEBC kwa mgombea wa wadi ilikuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nusu yake. Ada ya chama ni jambo jingine, iulize kwa maandishi. Chama kikikuzungusha, kuna njia ya mgombea huru: uwe umejitoa chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na ukusanye sahihi za wapigakura 500 wa wadi wasio wanachama wa chama chochote. Unauza samaki, watu 500 wanakujua kwa jina. Ukitishwa au kutukanwa kwa sababu ya jinsia yako, andika tarehe, mahali na mashahidi tangu siku ya kwanza. Kamati za maadili za IEBC husikiliza malalamiko yenye tarehe.

Mwalimu, salaam kutoka Doha. Nafanya kazi ya udereva hapa mwaka wa sita. Nitaweza kupiga kura nikiwa huku? Gavana na mbunge je? — Mkenya wa Doha

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Mwaka 2022 Qatar ilikuwamo. Nchi zilikuwa 12: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Afrika Kusini, Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada, Qatar na Falme za Kiarabu. Walioandikishwa wote nje ya nchi walikuwa 10,000 na ushei, kati ya wapigakura zaidi ya milioni 22. Tazama idadi hiyo, kisha kumbuka ni Wakenya wangapi wako Ghuba. Saudia na Oman, ambako binti zetu wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani, hazikuwamo. Hilo linaniuma, kwa sababu hao ndio wanaohitaji zaidi serikali inayojua kwamba inaweza kuondolewa na kura zao.

Ukiwa nje unampigia rais peke yake. Gavana, mbunge na wengine unahitaji kuwa nyumbani, kwenye kituo ulichoandikishwa. Kama jina lako liko kwenye kituo cha huku Kenya na unataka kupigia Doha, itabidi uombe kuhamishwa. Huwezi kuwa kwenye orodha mbili, na kujaribu ni kosa.

Fuatilia matangazo ya ubalozi kuhusu uandikishaji wa 2027, na uwe na pasipoti halali ya Kenya. Kwa madereva wengi shida huwa hapo: pasipoti iko kwa mwajiri. Qatar ina sheria inayomkataza mwajiri kuishikilia, basi idai mapema, usingoje wiki ya uandikishaji. Itazame pia tarehe ya kwisha kwake. Ikiwa inaisha kabla ya Agosti 2027, peleka maombi ya mpya mwaka huu, na wenzako mnaokaa nao chumba kimoja waambie nao wafungue zao watazame.